Nilimvua Mwenyekiti Miwani Mbele ya Soko Zima, Sasa Mama Hanisemeshi

Mpendwa mshauri,

Kabla sijakuomba msaada ni vizuri ujue unaandikiwa na nani, kwa sababu wengi wanaokuandikia ni watu wa kulialia, mara mume hivi, mara mawifi vile, mimi simo humo. Mimi nikitangaza dawa ya panya, panya wenyewe hutoka mashimoni kusikiliza. Nimewahi kumuuzia dawa hiyo mtu anayefuga paka wanne, na akaondoka ananishukuru. Shule sikufika nayo mbali, mwalimu alisema akili yangu ni ya kuazima ila mdomo ni mali yangu mwenyewe, lakini walionipita darasani leo wanapita kwangu kununua, na uongozi wa soko letu nimeuangusha mimi, peke yangu, kwa karatasi moja na kipaza sauti cha begani, tena kabla sijanywa chai. Sokoni wananiita Betri. Wanasema siishiwi moto.

Shida yangu ni ndogo tu. Mama hanisemeshi, wiki ya tatu hii, na watu wameacha kwenda kwenye meza yake, na nataka unieleze namna ya kurudisha mambo yalivyokuwa bila mimi kupoteza cheo nilichoahidiwa. Hayo tu. Sasa nisikilize vizuri, maana ukikatiza utakosa utamu.

Soko letu lina chama, chama kina mwenyekiti, na kazi ya mwenyekiti inayoonekana kwa macho ni moja: kila Jumatatu asubuhi, kabla wateja hawajaingia, anasimama getini na kutusomea barua ya manispaa, iwe ya usafi, iwe ya ushuru, iwe ya kutukaripia tu. Kwa miaka tisa mwenyekiti alikuwa fundi viatu mmoja mzee tunayemwita Mzee Soli. Anavaa koti, anavaa miwani, anaikunjua barua taratibu kama mtu anayefungua zawadi, anasoma bila kujikwaa hata neno moja, utadhani ni mtangazaji wa taarifa ya habari. Aliyekuwa anaitaka hiyo nafasi ni muuza vyombo vya plastiki, Bwana Ndoo, aliyegombea mara mbili na kuanguka mara mbili, na safari hii akaniita nyuma ya mabeseni yake.

"Betri, mdogo wangu, huyu mzee nimpige wapi?"

Nikamwambia, "Kaka, choo hakina mlango mwaka wa tatu sasa, na paa la upande wa nafaka linavuja. Mpige hapo."

Akanitazama kama nimemtukania mama yake. "Hayo kila mtu anayajua. Halafu nikishinda si watanidai huo mlango? Nitafutie kitu kisichohitaji fundi."

Mshauri, usimdharau mtu kwa sababu anauza ndoo. Nikamwambia ninacho kitu, ila kina bei yake, na bei yake ni ukatibu mwenezi wa chama, wenye kiti na meza. Akasema cheo chako hicho, chukua, kimekaa hapo kinakungoja.

Kitu chenyewe ni hiki. Mzee Soli hajui kusoma. Hata jina lake mwenyewe hawezi kulisoma. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alikuwa anakuja nyumbani kwetu na bahasha ya kaki ndani ya koti, eti amepita kumsalimia mama, na mimi niko nyuma ya pazia nimejilaza, najifanya nakoroma. Mama anamsomea barua mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa mwendo, mzee amefumba macho, na mara ya tatu anaitoa yeye kwa kichwa mpaka na pale pa kuvuta pumzi. Kichwa kile kingepelekwa shule tungekoma. Na si yeye peke yake. Mama anauza nyuzi, vifungo na zipu karibu na geti, na nusu ya wanaosimama pale hawana hata nguo ya kushona. Mtu anakuja anashikashika zipu, anachomoa karatasi kwenye pochi, mama anaiweka chini ya trei ya vifungo anasoma kwa sauti ya chini huku anapima uzi, mwenye karatasi anaitika "ehee, ehee" kama anayepatana bei, kisha anaondoka. Barua za hospitali, za mahakama, za mwenye nyumba, za mabinti walioolewa mbali. Hajawahi kumtoza mtu. Na mama ana kifua, nakuambia ukweli, mimi mwanawe wa kumzaa sijawahi kusikia jambo la mtu likitoka mdomoni mwake, yote niliyoyajua niliyajua kwa kukoroma.

Basi Jumatatu ile, zimebaki siku mbili tupige kura, nikaenda kwa Mzee Soli na kiatu changu nikamwambia kimeachama, nisaidie gundi. Bahasha ilikuwa mezani imekandamizwa na nyundo. Alipogeuka kuchukua koti msumarini nikachomoa barua ya manispaa nikatia ndani ya bahasha karatasi ya maelezo ya dawa yangu ya panya, zinalingana ukubwa, zote nyeupe, zote zina mhuri juu. Akaniambia, "Kiatu chako hakina kitu, mwanangu, ni vumbi tu limeingia." Akakipangusa, akanirudishia bila kunidai. Mimi huyo, mpaka getini, kipaza sauti begani.

Mzee akapanda kwenye kreti. Miwani. Bahasha. Akakunjua. Akaanza: "Wafanyabiashara wote mnatangaziwa kwamba mifereji yote ya soko isafishwe kabla ya tarehe moja, kwa kuwa mvua…" Anasoma, mshauri! Anashuka na kidole mstari kwa mstari, anafika mwisho wa ukurasa, anageuza nyuma kutazama kama kuna zaidi. Nilijibana mbavu. Alipomaliza nikawasha.

"Mwenyekiti, shikamoo."

"Marahaba, Betri. Asubuhi hii panya wameamka?"

Watu wakacheka. Nikasema, "Wameamka, mzee. Ila kuna sentensi sikuisikia vizuri, naomba dada wa duka la dawa atusomee hiyo karatasi hapo hapo ulipoishikilia."

Dada wa duka la dawa ni mtu wa haraka, hana habari na siasa. Akaichukua, akasoma kwa sauti ile anayowasomea wagonjwa: "Weka punje tano kwenye njia anayopita. Akishakula atatafuta maji. Weka mbali na watoto."

Halafu muuza mkate akaangua kicheko cha kwanza, na kikishaanza cha mmoja huwa hakina mwenyewe, watu wakashikana mabega, mtu akadondosha trei ya mayai na bado anacheka, mwingine akapaza sauti, "Mzee, atatafuta maji!" Nikaongeza chumvi, "Mwenyekiti, na hiyo miwani ni ya nini sasa, ya kutazamia harufu?" Soko likalala chini. Mzee Soli akavua miwani. Akaitazama mkononi kama ni ya mtu mwingine. Akasema, bila kipaza sauti, na sisi wa mbele tu ndio tuliomsikia, "Tangazo ni hilo hilo nililosema. Safisheni mifereji." Akashuka kwenye kreti. Pale pa kushukia akatafuta ardhi kwa mguu mara mbili.

Tukashinda. Kura mia mbili na kumi na mbili kwa thelathini na moja. Nilibebwa mabegani mimi, si Bwana Ndoo, yeye ni mzito.

Sasa nikwambie na yale madogo madogo yaliyofuata, usije ukasema nimeficha. Mifereji haikusafishwa, kwa sababu kila aliyetajiwa mifereji alikuwa anacheka, na mvua haikujua kwamba tunacheka, ikaja, maji yakaingia kwenye vibanda vya chini na ndoo za mwenyekiti mpya zikaelea zikatoka nje kama bata wanaokwenda sherehe. Mwenyekiti mpya anasoma vizuri sana. Jumatatu iliyopita alitusomea barua ya manispaa ya kutukemea kuhusu mifereji, akaisoma kama maji, mpaka nikasikia raha. Choo bado hakina mlango. Na ukatibu wangu, kila nikiuliza naambiwa kikao bado, halafu nimegundua akiniona anavuta tumbo ndani na kufunga vifungo vya shati. Juzi aliniambia, "Betri, mbona unaniangalia hivyo? Unatafuta nini?" Nilikuwa namsubiri anipishe njia.

Tuje kwa mama. Watu wana maneno, unajua soko. Wakaanza kusema mama ndiye aliyemuuza mzee, kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na chetu kilikuwa kinatuuzia vifungo. Sasa wanaofika mezani kwake wananunua kifungo kweli, wanalipa, wanaondoka. Karatasi hakuna. Wiki ya kwanza mama alikuwa bado ananisemesha yale ya lazima, lete chumvi, funga mlango. Halafu akakutana na mama wa mkaa bombani. Mama wa mkaa ana mtoto wa miaka sita, macho yake yana ukungu, hospitali walimpa barua, na barua ile ilikaa imefungwa kwenye fundo la nguo yake mpaka tarehe ya mtoto kupelekwa ikapita. Mama akamuuliza, "Mwenzangu, mbona hukuniletea?"

Mama wa mkaa akajitwika ndoo yake. "Nikuletee, ili Jumatatu niisikie getini?"

Tangu siku hiyo mama hasemi nami. Hajanipiga, hajanitukana, ningejua pa kushika. Ananipakulia chakula, anakifunika, anaingia chumbani. Nimemchekesha kwa kila njia. Nimemwigizia Bwana Ndoo akifukuza ndoo majini, kitu ambacho mtaa mzima umelipuka, yeye akaendelea kupanga vifungo kwa rangi.

Kwa hiyo naomba unipe maneno. Wewe ni mtaalamu. Nimwambie nini mama, na niwaambie nini watu ili warudi mezani kwake, maana mimi sikufanya kosa, siasa ni vita, na mtu akiwa na kidonda akakitembeza mbele za watu asilalamike kikigongwa.

Barua nilikuwa nimeimalizia hapo, hata bahasha nilishailamba. Nimeifungua tena. Kuna kitu nimekiruka, na wewe umeandikiwa na watu wengi, pengine umeshaliona shimo lake. Nimeandika kwamba watu wana maneno. Si watu. Pale getini, kicheko kikiwa kimefika juu kabisa, muuza mkate aliniuliza, "We Betri, umejuaje lakini?" Kipaza sauti kilikuwa mdomoni. Macho yote kwangu, hata wapita njia walikuwa wamesimama. Nikasema, "Mama yangu ndiye anayemsomea! Kila Jumapili! Muulizeni, yule pale wa vifungo!" Nikamwonyesha kwa kidole. Alikuwa amenyoosha zipu nyekundu, anampimia mteja, na mikono ikabaki hivyo hivyo hewani. Hakuna aliyenilazimisha. Ushindi ulikuwa umeshaonekana. Nilitaka wacheke mara moja tu zaidi.

Ni mimi, Betri.

MSHAURI ANAJIBU

Betri,

Umeandika kurasa sita na jambo lenyewe lilikuwa kwenye mistari kumi ya mwisho. Ungeanzia huko ningeokoa miwani yangu mwenyewe, ambayo, kabla hujauliza, ni ya kusomea.

Nitakusifu mara moja tu ili yaishe: bahasha uliifungua tena. Wengi wa rika lako, na wengi zaidi wa rika la Bwana Ndoo, wangeipeleka posta ilivyo. Kwa hiyo moyo unao, umeukalia tu.

Sasa kaa vizuri. Usinidanganye na vita. Mwenyekiti asiyejua kusoma kuhojiwa na wapiga kura wake ni haki yao, hilo sikukatalii. Mngemuuliza kwenye mkutano, "Mzee, barua zetu nani anakusomea, na kwa nini tusimweke karani?" Mngempinga na bado angeshuka kwenye kreti anaiona ardhi. Lakini ninyi hamkutaka karani. Mlikuwa na mlango wa choo na paa linalovuja, hoja mbili zenye miguu, mkaziacha kwa sababu zinahitaji fundi. Mkachagua kumfanya mtu kichekesho hadharani kwa kitu ambacho amekificha maisha yake yote. Na huyo mzee, dakika tano kabla, alikuwa amekipangusa kiatu chako bure. Hilo umeliandika wewe, kwa mkono wako, kisha ukaendelea mbele kama gari lisilo na breki.

Na kidonda unachosema mzee alikitembeza, hakukitembeza. Alikivalisha koti. Aliyekivua ni wewe.

Kuhusu cheo, sahau. Bwana Ndoo hatakupa, na kwa hilo simlaumu. Amekuona unavyofanya kazi. Mtu aliyekuazima kisu hawezi kulala chumba kimoja nawe. Atavuta tumbo mpaka uchaguzi ujao, na akipata mwingine mwenye mdomo kama wako, wa kwanza kutafutiwa pa kugongwa utakuwa wewe. Pa kwako si pagumu kupaona, kijana wangu. Watu wakikuchekea kidogo tu, unamtoa mama yako.

Unaniomba maneno. Sikupi. Ya kwako yamezidi. Nakupa kazi.

Mzee Soli umwendee kwa miguu, bila kipaza sauti na bila kiatu kibovu cha kusingizia. Umwambie, "Nilibadilisha karatasi, nilisikiliza nyuma ya pazia, mama hakuniambia kitu." Akikufukuza, ondoka. Akinyamaza, kaa mpaka akufukuze. Usimwombe akusamehe palepale kama anayedai chenji.

Jumatatu ijayo uende getini mapema, na hapo kipaza sauti ubebe, maana uliyoyamwaga kwa kipaza sauti hayazoleki kwa kunong'ona. Useme kwamba mama yako amesoma barua za soko hilo miaka yote na hakuna hata moja aliyoitoa nje, kwamba wewe ndiye mwizi wa masikio, na kwamba kuanzia leo hulali nyumbani kwake. Ndiyo, umesoma vizuri. Tafuta chumba. Una miaka ya kutosha na dawa ya panya inauzika. Hakuna mwanamke atakayempelekea mama yako karatasi huku wewe unakoroma nyuma ya pazia, hata ukiapa kwa vitabu vyote. Usitie kichekesho. Hata kimoja. Watu watakuzomea, na muuza mkate atakuwa wa kwanza. Acha wazomee mpaka wachoke.

Mama yako usimbembeleze wala usimwigizie mtu. Mwambie unahama na kwa nini unahama, kisha uhame. Watu watarudi mezani kwake mmoja mmoja au hawatarudi, hilo halimo mikononi mwako tena, wala mwangu. Atakaposema nawe, kama atasema, itakuwa siku anayoichagua yeye.

Hayo yote lakini yanaweza kungoja Jumatatu. Mtoto wa mama wa mkaa hawezi. Kesho alfajiri nenda kwa huyo mama, umwombe akuruhusu uwasindikize hospitali, na tarehe mpya ipatikane. Barua asikupe wewe. Ampe mhudumu, mkono kwa mkono, nawe usimame mbali usiisikie. Foleni ya macho ni ndefu, naijua. Umshikie huyo mama nafasi, umbebe mtoto akichoka, na kuanzia geti la hospitali mpaka mnarudi, ufunge mdomo.